Bafu jipya Kipawa: maji yana njia, hewa je?

Ukikatiza mitaa ya Kipawa kutoka Barabara ya Nyerere kuelekea Karakata, hukosi kukuta lundo la kifusi mbele ya geti la mtu, na mara nyingi kifusi hicho kimetoka bafuni. Nyumba ambayo kwa miaka mingi ilitegemea choo cha kuchuchumaa uani sasa inataka choo cha kukaa, ndani, chenye shawa na sinki la kunawia lenye kioo juu yake. Sababu zipo na zote ni za haki. Mama amezeeka, magoti hayamruhusu kuchuchumaa. Binti amekua, hawezi kutoka uani usiku wa manane. Au mwenye nyumba anataka vyumba viwili vya mbele vipangishwe kama masta, kodi iongezeke.

Kinachosikitisha ni mahali hesabu inapoanzia. Karibu kila mara inaanzia kwenye marumaru. Familia inakwenda Kariakoo, inachagua rangi, inabishana kuhusu nyeupe na kijivu, inalipia sinki la choo lenye kifuniko kinachoshuka polepole. Fundi bomba anaitwa mwishoni, fundi marumaru akiwa ameshapangiwa siku ya kuanza, na maelekezo anayopewa ni sentensi moja: tafuta pa kupitishia. Naye anatafuta. Anachimba palipo laini, anakunja bomba palipo na ukuta, anaunga elbo juu ya elbo hadi afike kwenye karo la zamani, kisha kila kitu kinafunikwa kwa zege na marumaru nzuri. Baada ya wiki mbili bafu linanuka.

Msimamo wangu ni kwamba bafu hupangwa kuanzia nje kuja ndani, na kuanzia chini kwenda juu. Kwanza ujue karo liko wapi na limekaa kina gani. Pili ujue mteremko utatoka wapi. Tatu ujue hewa itaingilia wapi kwenye mabomba hayo. Rangi ya marumaru inakuja baada ya hapo. Katika hayo matatu, la hewa ndilo linalosahaulika kuliko yote, na ndilo linaloleta harufu, kwa hiyo nitaanza nalo.

Sentimita tano za maji

Ndani ya kila choo cha kuflashi, na chini ya kila sinki, kuna maji yanayobaki baada ya mengine kuondoka. Mafundi wetu wanaiita sehemu hiyo trapu. Mwaka 1775 mtengeneza saa kutoka Uskoti aliyekuwa akifanya kazi London, Alexander Cumming, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopindwa kama herufi S, ili maji yakae kwenye pindo na kuizuia hewa chafu isipande kutoka shimoni. Karibu miaka 250 imepita. Choo kimebadilika umbo na bei, lakini mlinzi wake ni yuleyule: maji kidogo yaliyotulia, ambayo kwa kawaida kimo chake ni sentimita 5 chooni na kama 7.5 kwenye trapu ya sinki.

Sentimita 5 ni ulinzi mwembamba sana. Hewa inayotuzunguka ina mgandamizo unaoweza kubeba safu ya maji yenye urefu wa mita 10. Maana yake ni kwamba mgandamizo ndani ya bomba ukibadilika kwa sehemu moja tu kati ya 200, maji ya trapu yanaweza kuvutwa yakaondoka, au kusukumwa yakabubujika. Mabadiliko ya namna hiyo hutokea kila mtu anapoflashi. Lita 6 hadi 9 zinashuka kwa mkupuo kwenye bomba la inchi nne. Mbele yake zinaisukuma hewa, nyuma yake zinaacha upungufu, na upungufu huo lazima ujazwe na hewa kutoka mahali fulani. Kama kuna bomba la hewa, itashuka kutoka juu ya paa. Kama halipo, itavutwa kupitia trapu ya sinki au ya sakafuni, na maji ya humo yataondoka nayo.

Hiyo ndiyo asili ya ile sauti ya glu-glu-glu inayosikika shawani mtu akiflashi. Kila aliyewahi kumimina mafuta ya kula kutoka dumu la lita 20 anaijua: mafuta yanatoka kwa kukwama na kusukwasukwa, mpaka utoboe tundu dogo upande wa juu, ndipo yanapotiririka. Bomba la hewa ni tundu hilo.

Wengi wakisikia sauti hiyo huamini bomba limeziba. Wanamwita mtu wa kuzibua, wanamwaga dawa kali, na wiki inayofuata sauti ipo palepale. Kisha inakuja harufu, na hapo lawama huenda kwa watu wasiohusika. Nimeshuhudia dada wa kazi akigombezwa kwa bafu aliloshinda akilisugua. Hakuna sabuni inayotibu trapu iliyonyonywa ikakauka. Kumlaumu mwanamke kwa hewa inayopanda kutoka karoni ni dhuluma, na katika nyumba nyingi za mji huu dhuluma hiyo hutendeka bila mtu kujua kwamba anayeonewa hana kosa.

Bomba la karoni si bomba la bafuni

Ukimuuliza mwenye nyumba kuhusu bomba la hewa, atakuonyesha lile lililosimama juu ya karo. Anaamini limetosha, na imani hiyo ina chanzo chake. Wengi wetu tulilijua bomba la hewa kupitia choo cha shimo kilichoboreshwa, kile kilichobuniwa Zimbabwe mwaka 1973 na Peter Morgan kwenye Maabara ya Utafiti ya Blair. Pale, upepo unaopita juu ya mdomo wa bomba, na jua linalolipasha moto, huivuta hewa chafu itoke shimoni, na nzi wanaofuata mwanga hunaswa kwenye wavu wa juu. Kwa choo cha shimo ni ubunifu mzuri kabisa. Bafu la kuflashi lina tatizo tofauti. Bomba la karoni liko mbele, kule maji yanakokwenda, ilhali upungufu wa hewa unatokea nyuma ya maji, bafuni kwenyewe. Hewa lazima iingilie upande wa juu wa mstari.

Basi fundi aliyepangilia huchukua bomba kuu la inchi nne na, baada ya kifaa cha mwisho upande wa juu, analiendeleza hadi nje ya ukuta, linapanda na kumalizikia wazi juu ya paa. Umbali wa kila kifaa kutoka kwenye bomba hilo lenye hewa una mipaka. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza, nchi ambayo tulirithi kwake sehemu kubwa ya vipimo vya ujenzi, unataja hivi: sinki la kunawia lenye bomba la milimita 32 lisizidi mita 1.7, bomba la milimita 40 lisizidi mita 3, la milimita 50 mita 4, na choo mita 6. Ukizidisha hapo, kifaa hicho kinahitaji bomba lake la hewa. Mdomo wa juu nao uwe angalau sentimita 90 juu ya dirisha lolote lililo ndani ya mita 3, la sivyo harufu uliyoitoa bafuni utairudisha chumbani.

Kuna masta zilizobanwa katikati ya nyumba, hazina ukuta wa nje hata mmoja. Huko kuna valvu ndogo iliyoanzia Sweden miaka ya 1970, inayofunguka pale bomba linapovuta hewa na kujifunga inapotaka kutoka. Inasaidia, ila isiwe tegemeo pekee. Inaingiza hewa tu. Mgandamizo unaosukuma kutoka karoni haiupunguzi, kwa hiyo mfumo mzima bado unahitaji angalau bomba moja lililo wazi hadi juu ya paa. Na valvu hiyo isizikwe ukutani. Siku ikichoka, utavunja marumaru kuifikia.

Mteremko, na ile ngazi ya bafuni

Sehemu kubwa ya Dar es Salaam haijafikiwa na mtandao wa majitaka wa DAWASA, na kwa nyumba nyingi za Kipawa mwisho wa safari ya maji ni karo lililo ndani ya kiwanja. Karo hilo mara nyingi lilijengwa kabla ya mtu kuwaza bafu la ndani. Kwa hiyo kina chake ndicho kinachoamuru kila kitu, na hesabu yake haihitaji mhandisi.

Chukua bafu litakalokuwa mita 12 kutoka karoni. Bomba la inchi nne likipewa mteremko wa moja kwa 60, ambao ni mzuri, litashuka sentimita 20 katika umbali huo. Ongeza sentimita 25, ambazo ni kina cha tumbo la bomba chini ya sakafu linapotoka chooni pamoja na bendi yake. Jumla ni sentimita 45 chini ya sakafu. Kama sakafu ya nyumba iko sentimita 15 juu ya ardhi ya uani, bomba litafika karoni likiwa sentimita 30 chini ya ardhi. Sasa funua karo upime. Ukikuta tundu la kuingilia liko sentimita 20 tu chini ya ardhi, umepungukiwa sentimita 10. Maji hayatapanda mlima kwa ajili ya marumaru zako.

Fundi aliyeitwa mwishoni ana njia mbili tu hapo. Aibe mteremko, bomba lilale karibu tambarare na kinyesi kikwame, au ainue sakafu ya bafu. Ndiyo maana nyumba nyingi za Dar zilizoongezewa bafu la ndani zina ngazi ya kupandia mlangoni. Bafu lililojengwa kwa ajili ya magoti ya mama linamtaka mama apande ngazi kwenye sakafu yenye maji. Hilo linaniuma kila ninapoliona, kwa sababu mara nyingi lingeepukika kwa kuchagua chumba kingine. Bafu lilelile likiwekwa mita 4 kutoka karoni, mteremko unakula chini ya sentimita 7, bomba linafika kwenye kina cha kama sentimita 17, na linaingia kwenye tundu la sentimita 20 bila kuinua chochote. Linafunikwa kwa zege pale linapopita karibu na uso wa ardhi, basi.

Kipimo hiki hufanywa kwa mpira mweupe uliojazwa maji, ule wanaotumia waashi kuhamisha levo kutoka kona moja ya msingi hadi nyingine. Mtu mmoja anashika ncha mlangoni mwa bafu, mwingine anashika ncha karoni, mnasubiri maji yatulie, mnaweka alama. Hata nusu saa haifiki, na inaamua kama chumba ulichokichagua kinafaa au hakifai.

Mabomba madogo ya shawa na sinki yapewe kama sentimita 2 kwa kila mita. Kona kali zikatazwe: badala ya elbo moja ya nyuzi 90 mtaroni, fundi atumie bendi mbili za nyuzi 45. Kila mstari unapogeuka nje ya nyumba kuwe na chemba yenye mfuniko unaofunguka. Na nguzo au mkanda wa zege usikatwe ili kupitisha bomba, hata fundi akisema ni kidogo tu.

Masika na mbu

Kati ya Machi na Mei, ardhi ya chini ya jiji hili hushiba maji. Karo lililojaa halina pa kunyweshea, na maji yake hurudi kwenye tundu la chini kabisa ndani ya nyumba, ambalo siku zote ni la sakafuni penye shawa. Anayekarabati ahakikishe karo limenyonywa kabla ya masika, na aache njia ya mpira wa gari la majitaka kufika. Mabwawa ya Vingunguti, yanayopokea majitaka yanayobebwa na magari hayo, ni majirani wa Kipawa, kwa hiyo umbali si kisingizio cha mtu wa huku. Ubaya ni kwamba wengi wanaposogeza bafu ndani hujenga chumba cha kupangisha juu ya karo, na baada ya hapo hakuna mpira utakaofika.

Wapo wanaosubiri mvua kubwa wakatapisha choo, majitaka yakaenda na mafuriko kwa jirani wa bondeni. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 uliosambaa nchini ulianzia Kinondoni, jijini humuhumu. Anayetapisha anajua uchafu unakwenda wapi. Hapaswi kuitwa mjanja, na serikali ya mtaa isimwonee haya. Kisima nacho kikae walau mita 30 kutoka kwenye karo. Katika viwanja vyetu vidogo hilo linakihusu na kisima cha jirani.

Mbu wa majitaka, kuleksi, ndiye anayebeba vimelea vya matende na mabusha katika pwani yetu, na hupenda kuzaliana karoni na kwenye mashimo ya vyoo. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga chembe nyepesi za plastiki zinazoelea juu ya maji ya mashimo ya vyoo ili mbu wasizaliane, huku wananchi wakipewa dawa, na mbu walipungua sana. Somo kwa anayejenga ni dogo na la bei nafuu: mdomo wa kila bomba la hewa uvishwe wavu usiooza, na mfuniko wa kila chemba ukae bila mwanya. Wavu huo ukaguliwe mara moja kwa mwaka, maana ukizibwa na utando au majani, bomba halina hewa tena.

Tundu la sakafuni

Kifaa kinachonitia wasiwasi kuliko vyote ni cha bei ndogo kuliko vyote: trapu ya sakafuni. Zile rahisi zinazouzwa madukani hazina pindo. Zina kikombe kilichogeuzwa juu ya kishina cha bomba, na maji machache yanakaa kuzunguka ukingo wake. Nywele zikikusanyika, maji ya kuoga yanachelewa kushuka, mtu anafunua wavu, anakiona kikombe, anakitoa na kukitupa. Maji yanashuka kwa kasi ya ajabu. Tangu dakika hiyo hakuna kinachotenganisha bafu na karo, na mende wanapanda usiku.

Na hata trapu nzuri hukauka isipotumika. Mwaka 2003, kwenye makazi ya ghorofa ya Amoy Gardens huko Hong Kong, zaidi ya watu 300 waliambukizwa ugonjwa wa SARS, na uchunguzi wa mamlaka za afya ulielekeza kidole kwenye trapu za sakafuni zilizokuwa zimekauka bafuni, zikiruhusu hewa chafu ya mabomba kuingia vyumbani, hasa feni za kutolea hewa zilipowashwa. Bafu la wageni lisilotumika kwa wiki kadhaa katika joto la Dar hukauka vivyo hivyo. Mwaga kata ya maji kila wiki. Kama nyumba itafungwa muda mrefu, ongeza kijiko cha mafuta ya kula juu ya maji hayo, yatapunguza kukauka. Wakati wa kujenga, nunua trapu ya sakafuni yenye pindo lenyewe, si kikombe, hata kama bei imezidi.

Kibali cha ukarabati mkubwa, kwa Kipawa, huombwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, iliyochukua nafasi ya Manispaa ya Ilala mwaka 2021. Mafundi wapo. Chuo cha VETA kilichoko Kipawa kinajulikana kwa TEHAMA, lakini Chang'ombe wanafundisha ufundi bomba, na VETA pia hurasimisha ujuzi wa waliojifunzia kazini. Fundi wa mtaani aliyejifunza kwa kubeba zana za fundi mwingine anaweza kuwa hodari kabisa. Muulize tu swali moja kabla ya kupatana: hewa itaingilia wapi? Akianza kuchora, umempata.

Kabla marumaru hazijabandikwa, mwambie azibe ncha ya chini ya mstari, aujaze maji hadi usawa wa sakafu, na auache nusu siku. Maji yakishuka, kuna maungio yanayovuja na bado yanaonekana. Piga picha za mabomba yote yakiwa wazi, pamoja na futi kamba iliyonyooshwa kutoka ukutani, uzihifadhi. Atakayekarabati baada yako atazihitaji.

Na siku ya kukabidhiwa bafu, usimalizie malipo kabla ya jaribio hili. Ziba sinki la kunawia, lijaze hadi juu, mwaga ndoo ya maji shawani, kisha zibua sinki na uflashi choo kwa wakati mmoja. Inama karibu na tundu la sakafuni usikilize, halafu mulika kwa tochi ya simu uone kama maji ya trapu bado yapo. Ukisikia glu-glu, mwambie fundi arudi na bomba la hewa ndipo achukue fedha yake iliyobaki.